Gamba la Samaki Darasani: Somo la Sayansi Mahali Pasipo na Ziwa

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi tunavyolifundisha somo la samaki wa maji baridi kwa wanachuo wetu hapa Miyuji, na kwa nini tunaamini kwamba somo hilo lastahili nafasi kubwa kuliko ile linayopewa. Tunawaandikia walimu wenzetu, hasa wale walio katika shule za nyanda za kati, ambao kila mwaka huifikia mada hii katika azimio la kazi na kuipita upesi, kama mtu apitaye penye nyumba asiyomjua mwenyewe.

Yafaa tuanze na pingamizi ambalo tumelisikia mara nyingi. Miyuji iko kaskazini mwa mji wa Dodoma, upande wa barabara ya kwenda Arusha. Hapana ziwa, wala mto utiririkao mwaka mzima. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, nayo kwa wastani ni kama milimita 570 kwa mwaka. Baada ya hapo makorongo hubaki mchanga mtupu. Kwa nini basi, huulizwa, mtoto wa hapa asumbuliwe na habari za samaki, hali angeweza kufundishwa habari za ng'ombe, mtama na uwele anaoviona kila siku?

Jibu letu ni kwamba mtoto wa Miyuji humwona samaki pia, ila humwona akiwa amekwisha kufa. Perege na kambale huletwa kutoka bwawa la Mtera, katika barabara ya Iringa, na kutoka bwawa la Hombolo lililojengwa mwaka 1957. Dagaa wakavu huja kwa magunia kutoka Mwanza na Kigoma. Samaki mfu ana faida zake kwa mwalimu: hakimbii, anapimika, anapasulika, na bei ya fungu moja la dagaa si ya kumshinda mtu. Asiyekuwa na zana darasani mara nyingi ni yule asiyekwenda sokoni.

Dagaa wawili wenye jina moja

Somo la kwanza tunalowapa wanachuo wetu ni la dagaa. Sokoni huwa pana mafungu mawili, dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma, na kila mama anayepika hujua kuyatofautisha kwa ladha na kwa bei. Tunawaomba wanachuo wayatofautishe kwa mwili. Chini ya lenzi ya mkono, dagaa wa Kigoma huonyesha kando ya tumbo magamba magumu yaliyochongoka, mfano wa meno ya msumeno mdogo. Hiyo ni alama ya jamaa za dagaa wa baharini, na kweli huyu wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo huo. Dagaa wa Mwanza tumbo lake ni laini, halina msumeno. Yeye ni wa jamii kubwa ya karpu, samaki yule anayefugwa tangu kale huko China na Ulaya, ambaye wanasayansi humwita Cyprinus carpio. Ningu na kuyu wa mito iingiayo Ziwa Victoria ni wa jamii hiyo hiyo. Kwa hiyo karpu mwenyewe ni mgeni Afrika Mashariki, lakini jamaa zake tunawala kila wiki.

Hapa ndipo wanachuo wanapoanza kuona kwamba jina si ujuzi. Walikuwa wakisema "dagaa" kana kwamba wametaja samaki mmoja; sasa wanaona wametaja udogo tu.

Swali linalofuata huletwa na wanafunzi wenyewe, na hatujapata kuingia darasa lolote ambamo halikuulizwa: je, dagaa ni watoto wa sangara? Wengi wamesikia hivyo nyumbani. Mwalimu aweza kujibu "hapana" na kuendelea. Jibu lake litakuwa sahihi, na mtoto atakuwa amebadili neno la baba kwa neno la mwalimu bila kupata njia ya kupima lolote kati ya hayo mawili. Sisi tunashauri wembe. Dagaa wakubwa wa Mwanza walowekwe majini mpaka walainike, wagawiwe kwa vikundi, kisha wapasuliwe tumboni taratibu. Katika baadhi yao yataonekana mayai madogo yaliyoshikamana. Samaki mwenye mayai si mtoto. Amekwisha komaa, ingawa urefu wake haufiki kidole.

Lakini somo halipaswi kuishia hapo. Kikundi ambacho hakikuona mayai hutaka kutupa dagaa wake na kuomba mwingine. Asitupwe. Iulizwe: dagaa asiye na mayai anathibitisha nini? Yamkini ni dume. Yamkini amekwisha taga. Yamkini ni mchanga kweli. Yeye hathibitishi kwamba dagaa ni watoto wa sangara, wala hakanushi. Mtoto wa darasa la sita anaweza kulielewa jambo hili katika dakika kumi, nalo litamfaa maishani kuliko orodha ya mapezi saba.

Pete za gamba

Somo la pili ni gumu zaidi, na ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Mwaka 1898 mtafiti Mjerumani, Hoffbauer, alionyesha kwamba umri wa karpu waweza kusomwa katika gamba lake. Gamba hukua pamoja na samaki, likiongezewa vistari vyembamba ukingoni. Wakati wa joto samaki hula sana, vistari vikaachana. Wakati wa baridi kali hula kidogo mno, vistari vikasongamana na kufanya pete. Pete moja ni kipupwe kimoja. Njia hiyo ilienea, na vitabu vingi vya shule vimeifupisha kuwa sentensi moja: umri wa samaki hujulikana kwa kuhesabu pete za magamba yake.

Sentensi hiyo ilipoletwa Afrika Mashariki ilikutana na maji mengine. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham aliupima uvuvi wa Ziwa Victoria, kwa kuwa nyavu zilizoletwa mwanzoni mwa karne zilikuwa zikipata samaki wachache kila mwaka upitao. Samaki aliyetegemewa zaidi wakati huo alikuwa ngege. Graham ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1928, naye alishauri nyavu za kumvulia zisiwe na matundu madogo kuliko inchi 5. Mwaka 1947 kilianzishwa kituo cha utafiti cha Jinja, Uganda, kwa ajili ya nchi zetu tatu. Watafiti wake walihitaji kujua ngege hukua kwa kasi gani, kwa maana pasipo kujua umri huwezi kujua kama samaki anavuliwa kabla ya kuzaa au baada ya kuzaa. Walitazama magamba, na pete walizikuta. Lakini pete hizo zilitoka wapi, katika ziwa lililo chini ya mstari wa ikweta, lisilojua barafu? Mwaka 1959 Garrod, mmoja wa watafiti wa Jinja, alieleza kwamba pete za ngege zilihusiana na kuzaa kwake. Aliyehesabu pete kwa kufuata kanuni ya karpu wa Ulaya angempa ngege umri usio wake, na sheria ya nyavu iliyojengwa juu ya umri huo ingekosea pamoja naye.

Tumeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu tuliishuhudia ikijirudia katika chumba cha darasa. Mwaka mmoja, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tulikaa nyuma ya darasa la sita katika shule ambayo hatuna haja ya kuitaja. Mwanachuo wetu alikuwa amejiandaa vema. Alinunua perege sokoni, akayaosha magamba, akayabana kati ya vipande viwili vya kioo, akavipa vikundi sita lenzi moja moja. Alieleza habari za karpu na kipupwe bila kukosea. Kisha akaagiza pete zihesabiwe. Kikundi cha kwanza kilipata 2, cha pili 4, cha tatu 4, cha nne 5, cha tano 4, cha sita 7. Mwanachuo aliandika ubaoni: "Samaki huyu ana umri wa miaka 4," akaviagiza vikundi vitatu vifute namba zao na kuandika 4.

Msichana mmoja wa kikundi cha sita aliinua mkono. "Mwalimu," alisema, "sisi hapa hatuna baridi ya kugandisha maji. Sasa hizi pete zimeingiaje?"

Mwanachuo alisita kidogo, kisha akajibu, "Hilo haliulizwi kwenye mtihani." Msichana akaketi.

Baada ya kipindi tulizungumza naye chini ya mti. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mjinga. Alituambia kwamba aliogopa ukimya, na kwamba mwalimu akinyamaza mbele ya watoto arobaini heshima yake huondoka. Hofu hiyo tunaijua, na hatuidharau. Lakini tulimwomba aandike katika daftari lake vitu alivyovipoteza kwa dakika ile moja. Alipoteza namba tatu zilizohesabiwa kwa haki. Na alipoteza swali lile lile lililowashughulisha watafiti wa Jinja kwa miaka, lililotoka kinywani mwa mtoto wa Miyuji bila kufundishwa na mtu.

Tulikaa naye tukapanga kipindi kingine. Namba zote sita zirudishwe ubaoni. Vikundi vibadilishane magamba bila kuambiana namba za kwanza. Hapo itajulikana kama tofauti imo ndani ya gamba au ndani ya jicho la mhesabuji. Iulizwe kila gamba lilitoka sehemu gani ya mwili, kwa maana watafiti huchukua magamba kutoka mahali pamoja kwa kila samaki, nasi tulichukua ovyo. Itazamwe pia kama katikati ya gamba pana pete au ni peupe. Gamba likibanduka samaki huota jingine, nalo hukosa pete za mwanzo. Hatimaye swali la msichana liandikwe juu ya ubao kwa herufi kubwa, na majibu yanayowezekana yaorodheshwe: ukame, njaa ya kiangazi, kuzaa. Mwalimu aseme wazi kwamba hajui lipi lililo kweli kwa perege huyu, kwa kuwa hajui hata alitoka bwawa gani.

Kipindi hicho kilifundishwa wiki iliyofuata. Darasa halikupata umri wa samaki. Kikundi kilichopata 2 kiligundua kwamba gamba lake lilikuwa peupe katikati, na furaha yao ilikuwa kubwa kuliko ya wale waliosifiwa kwa kupata 4.

Gharama ya jibu la haraka

Huenda msomaji akasema: hii ni michezo ya watoto, samaki ameliwa, mambo yamekwisha. Tungependa kumwonyesha kwamba jibu la haraka juu ya samaki limekwisha zigharimu nchi zetu.

Graham, katika taarifa yake ya mwaka 1929, alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine ni hatari kubwa, isipokuwa utafiti mrefu utangulie. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, naye wa Jinja, aliandika kupinga pendekezo la kumtia sangara katika Ziwa Victoria. Hata hivyo sangara alikuwa amekwisha tiwa upande wa Uganda tangu mwaka 1954, na mwaka 1962 na 1963 aliongezwa kwa idhini. Hatukanushi kwamba alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni. Lakini katika miaka ya 1980 furu, ambao walikuwa wa mamia ya aina, walitoweka kwa wingi katika maji yale mbele ya macho ya watafiti waliokuwa Mwanza wakiwahesabu tangu mwaka 1977. Aina nyingine zilikwisha kabla hazijapewa jina.

Karpu naye ana kisa chake. Katika Ziwa Naivasha, Kenya, hakuna mtu aliyeamua kumpandikiza. Yasadikiwa kwamba alitoroka kutoka mabwawa ya kufugia yaliyo juu ya ziwa wakati wa mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya 1990. Wavuvi walianza kumnasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kufikia mwaka 2010 yeye ndiye aliyejaza nyavu zao kuliko samaki wengine wote pamoja. Wako wanaoshukuru, maana analiwa na anauzika. Lakini ziwa lilibadilika kwa sababu ya ukingo wa bwawa la mtu mmoja au wawili.

Na hapa kwetu? Kati ya mwaka 2011 na 2017 watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, walizunguka nchini wakitambua aina za perege. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 2019 na Asilatu Shechonge na wenzake. Katika vituo 123 walivyochunguza walikuta aina 14 zilizobaki katika maji yake ya asili, na aina tatu zilizokwisha enea nje ya asili yake kwa kupandikizwa. Mmoja wa hao watatu ni sato. Mwingine ni ngege, yule yule ambaye Garrod alizihesabu pete zake. Katika Ziwa Victoria lenyewe ngege amekuwa adimu. Amesalia katika maziwa madogo na malambo, na vitabu vya Kiingereza humwita perege wa Singida, mkoa wa jirani zetu.

Bwawa la Hombolo limezuia maji ya Kinyasungwe Ndogo, na maji ya Kinyasungwe hushuka mpaka mto Wami. Perege wa asili wa Wami ana historia inayostahili kujulikana na kila mwalimu. Wafugaji wa samaki duniani walikuwa wakilia kwamba perege huzaana upesi bwawani mpaka wote wakadumaa. Mwaka 1960 C. F. Hickling alitangaza matokeo ya majaribio ya Malacca, huko Malaya: dume la perege aliyepelekwa kutoka Zanzibar, ambaye asili yake ni Wami, akipandishwa kwa jike la perege wa Msumbiji, watoto hutoka madume karibu wote, nao hukua bila kujazana. Faida hiyo ilikuwa imefichika katika samaki ambaye hapa nyumbani hakuna aliyemdhania kitu. Vivyo hivyo katika ziwa la Sulunga kule Bahi, ambalo hupanuka na kukauka kwa kufuata mvua, asili ya mahali pale ni perege avumiliaye maji ya chumvi na magadi. Nani ajuaye leo kwamba hatahitajiwa kesho?

Siku hizi watu wengi Dodoma wanachimba mabwawa ya samaki, na shule zimo. Tunalifurahia jambo hilo. Ni Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ikitimizwa kwa jembe. Lakini vifaranga hununuliwa palipo na bei nafuu, na mwalimu wa sayansi ndiye anayeulizwa kama wanafaa. Ikiwa yeye alizoezwa kufuta namba zisizolingana na kitabu, atajibu nini? Atajibu "wanafaa", na mvua ya Februari itayafanya yaliyobaki.

Mapendekezo

Kwanza, mwalimu amnunue samaki yeye mwenyewe, na amuulize muuzaji alikotoka. Jibu liandikwe pamoja na tarehe, hata likiwa "sijui". Samaki asiye na mahali pa kutoka ni nusu ya samaki kwa mtafiti.

Pili, namba zote zilizopatikana darasani zibaki ubaoni hadi mwisho wa kipindi. Ikiwa ni lazima moja ikataliwe, sababu yake ielezwe kwa darasa zima, na aliyeipata apewe nafasi ya kuitetea.

Tatu, kila shule iwe na daftari la maswali yasiyojibiwa, likae ofisini na lirithiwe na mwalimu ajaye. Wanachuo wetu huanzisha daftari hilo wakati wa mazoezi ya kufundisha. Swali la msichana yule ndilo la kwanza katika daftari la shule ile.

Nne, shule inayotaka kuchimba bwawa iulize mambo matatu kabla ya kununua kifaranga: ni wa aina gani hasa, ametoka maji gani, na bwawa likifurika maji yataelekea wapi. Swali la tatu wanafunzi waweza kulijibu kwa miguu yao, kwa kulifuata korongo siku moja ya kiangazi mpaka waone linakoishia.

Twajua kwamba vipindi ni vichache na madarasa ni makubwa. Hata hivyo dagaa wa fungu moja, wembe, lenzi na vipande vya kioo havizidi uwezo wa shule yoyote tuliyopata kuitembelea katika kata hii. Tutashukuru kama wenzetu wa vyuo vingine, hasa walio karibu na Mtera na Singida, watatuletea hesabu za pete za perege wa kwao, pamoja na mwezi waliovuliwa, ili tuzilinganishe na za kwetu. Tunaomba zije kama zilivyo, hata zisipolingana.